Kiingereza mtandaoni kwa watoto wadogo: skrini haiwachoshi, tunawachosha sisi?

#1 Tausi_M
Habari wadau. Naweka hoja, mwenye kupinga apinge.

Kila siku nasikia walimu wenzangu wakisema watoto wadogo hawawezi kutulia mbele ya skrini. Sikubali. Mtoto wa miaka 6 anayelalia meza kwenye somo langu, mpe katuni kwenye skrini hiyo hiyo uone kama utamwondoa hapo kabla betri haijaisha. Kwa hiyo skrini haina kosa. Kosa liko kwenye tunachofanya ndani yake.

Nafundisha watoto wa miaka 5 hadi 9, wengine mmoja mmoja, wengine vikundi vya sita. Mwanzo wa somo macho yote kwangu, wananipungia mikono, wanataja rangi kwa fujo. Tukifika katikati, mmoja kageuza kiti anaangalia dari, wa pili anabonyeza kila anachokiona, wa tatu kazima kamera, na yule aliyebaki anajibu "yes" kwa kila swali, hata nikimuuliza jina lake.

Mimi naamini tunaongea mno. Mwalimu akishika mazungumzo, mtoto anabaki mtazamaji, na kama kazi ni kutazama tu, katuni inatushinda mbali sana. Ninyi mnasemaje? Tafadhali msiniambie "tumia michezo" mkaishia hapo. Niambieni mchezo gani, unachezwaje, na kwa nini mnadhani unawashika.

#2 Mpita Njia
Nimeshakaa mkao wa kusoma. Huyo wa "yes" yupo kwenye kila darasa, namfahamu vizuri.

#3 Babu Chaki
Mwanangu Tausi, hoja yako ina uzito lakini umeishia nusu ya njia. Tatizo si mdomo wa mwalimu peke yake, ni kiti cha mtoto. Nimefundisha kwenye ubao miaka mingi kabla ya mambo haya ya kamera, na mtoto mdogo anajifunza kwa mwili wake wote. Ukimkalisha umeshamfunga.

Kwangu maneno mapya matatu yakipita lazima tusimame. "Jump!" tunaruka. "Touch your nose!" tunagusa pua. "Turn around!" tunazunguka. Wakishazoea nawakabidhi amri wao, mimi ndiye ninayetii. Hapo hata yule mwoga aliyekuwa hatoi sauti anapiga kelele "Sleep!" ili anione nimelala kifudifudi juu ya meza, halafu "Wake up!". Mtoto aliyekuwa hajasema neno tangu aanze, siku hiyo anatoa amri sita mfululizo. Njia hii ni ya Krashen, mtafuteni msome.

#4 Kipima Joto
Shikamoo Babu. Narekebisha kidogo tu: kufundisha kwa amri na vitendo ni kazi ya James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeanza majaribio yake miaka ya 1960 kwa kutumia Kijapani na Kirusi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto anayejifunza lugha ya mama hutii amri kwa mwili kwa miezi mingi kabla hajaanza kuzungumza. Krashen anajulikana zaidi kwa jambo lingine: kwamba lugha inakua mtu anaposikia maneno anayoyaelewa, yaliyo juu kidogo ya kiwango chake, na kwamba hofu na aibu huzuia hayo maneno yasiingie.

Ninachokiona ni kwamba njia ya Asher ina ukomo. Inabeba vitenzi vya vitendo na majina ya vitu. Ukifika kwenye "because" au "yesterday", utamrusha mtoto vipi?

#5 Babu Chaki
Marahaba. Asante kwa kunyoosha. "Yesterday" ni hatua moja nyuma ya kiti. "Tomorrow" ni hatua moja mbele. Nikisema "Yesterday I…" wote wanarudi nyuma kabla sijamaliza sentensi. Hiyo "because" nipe muda.

#6 FundiMawimbi
Mimi si mwalimu, kazi yangu ni mitandao, lakini nimewasaidia walimu kadhaa kuweka vifaa vyao sawa. Ninyi mnaanza na saikolojia kabla hamjaangalia sauti.

Watu wakizungumza ana kwa ana, mmoja akimaliza mwingine anaingia haraka sana. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia ulikuta pengo la kawaida ni kama milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Sasa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Kwenda na kurudi hiyo ni 300, na hapo ni mtandao mzuri! Ongeza hedifoni za bila waya, nazo zina ucheleweshaji wake. Ongeza router iliyo chumba cha tatu.

Matokeo yake mtoto anajibu kwa wakati, wewe unasikia kimya, unarudia swali, jibu lake linafika juu ya sauti yako, programu inaamua kukata sauti ya mmoja wenu. Mara nyingi inayokatwa ni ya mtoto kwa sababu ni ndogo. Amejibu sahihi na hakuna aliyemsikia. Ikitokea hivyo mara nne, wewe ungeendelea kujibu?

Chomekeni waya kwenye router. Tumieni hedifoni za waya. Ombeni wazazi wafanye hivyo pia. Mkishamaliza hapo ndiyo mje na hao kina Asher.

#7 Tausi_M
FundiMawimbi, hili sijawahi kulisikia likielezwa hivi, asante sana. Sasa na kuimba? Vikundi vyangu vinapenda kuimba lakini inakuwa vurugu tupu, kila mmoja yuko ubeti wake.

#8 FundiMawimbi
Kuimba kwa pamoja kupitia simu ya vidio haiwezekani, usijisumbue. Kila mtoto anakusikia kwa wakati wake na wewe unamsikia kila mmoja kwa wakati mwingine tena. Fanya hivi: wote wazime vipaza sauti isipokuwa wewe, imba, na kila mtoto aimbe kwake huku ukiangalia midomo na mikono. Halafu mfungulie mmoja aimbe mstari mmoja peke yake. Na kwenye mipangilio ya sauti tafuta sehemu ya kupunguza kelele, iweke chini wakati wa muziki, maana ile huona ngoma na makofi ni kelele inavifuta.

#9 Nyota Tano
Mnazunguka sana wakuu. Nyota! Mtoto akijibu, nyota inatokea kwenye skrini na mlio. Zikifika tano anachagua mchezo wa mwisho. Tangu nianze hivyo hakuna anayezima kamera. Makampuni yaliyokuwa yakifundisha watoto wa China mmoja mmoja kwa dakika 25 yalijenga kila kitu juu ya zawadi, na yalikuwa na wanafunzi wengi mno kabla ya sheria za Julai 2021 kuwazuia walimu walioko nje ya nchi. Hawakuwa wajinga.

#10 Kipima Joto
Nyota Tano, jina lako linakusaliti, tulijua utakuja na hilo.

Lakini kuna jaribio la mwaka 1973 la Lepper, Greene na Nisbett ambalo kila mwalimu wa nyota angepaswa kulifahamu. Walichukua watoto wa chekechea wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Kundi jingine likapewa cheti baada ya kuchora bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa mezani bila masharti. Wale walioahidiwa ndio waliochora kwa muda mfupi zaidi. Mtoto alikuwa anachora kwa kupenda, akageuzwa kuwa mfanyakazi wa cheti.

Kwa hiyo kamera haizimwi, sawa. Ila muulize mtoto huyo atasema neno la Kiingereza lini pasipo nyota?

#11 Nyota Tano
Jaribio nimelielewa, na wewe lisome tena ulivyoliandika. Hao watoto walikuwa tayari *wanapenda* kuchora. Wangu hawajaomba kufundishwa Kiingereza, wameandikishwa. Siwezi kuua mapenzi ambayo hayajazaliwa. Nyota inamfikisha kwenye sentensi ya kwanza, na akishaweza kunichekesha kwa Kiingereza, nyota napunguza polepole mpaka anasahau kuzidai.

#12 Kipima Joto
Kwa asiye na hamu kabisa, naona unayo hoja. Hapo kwenye "napunguza polepole" ndipo wengi hawafiki. Nimeona darasa ambalo mtoto anasema "apple" huku macho yako kwenye kona ya skrini anahesabu.

#13 MzaziMakini
Samahani walimu, naingilia kama mzazi. Mmetaja viti, waya na nyota. Hakuna aliyetaja saa. Mwanangu wa miaka 7 anaingia kwenye somo lenu akitoka shule, ameshakaa kwenye madawati siku nzima. Siku za mapumziko asubuhi, mwalimu yule yule, somo la aina ile ile, ni mtoto mwingine kabisa. Anauliza maswali, anaonyesha michoro yake. Mimi nadhani nusu ya mnayoita "kutojihusisha" ni uchovu tu.

Na jambo la pili. Anasomea kwenye simu yangu. Slaidi za mwalimu zina picha nane na maneno chini ya kila picha. Kwenye simu yale maneno ni vidoa. Anaulizwa "What can you see?" na kwa kweli haoni kitu.

#14 Dada Sauti
MzaziMakini umegusa penyewe. Walimu wenzangu, kabla ya somo ingieni kwenye darasa lenu wenyewe kwa simu, kama mwanafunzi, muone. Nilipofanya hivyo nilitupa karibu slaidi zote. Sasa hivi slaidi moja ina picha moja, inajaza skrini. Nikitaka picha mbili ni kwa sababu nataka achague mojawapo.

Na zile michoro inayocheza pembeni, vipepeo, upinde wa mvua, herufi zinazoruka, ondoeni. Richard Mayer amefanya majaribio mengi kuhusu kujifunza kwa picha na maneno, na moja ya mambo aliyokuta tena na tena ni kwamba watu hujifunza vizuri zaidi vitu vya ziada visivyohusu somo vikitolewa. Mnaweka vipepeo ili mtoto atulie, halafu anatulia kwenye kipepeo.

#15 Mpita Njia
"Anatulia kwenye kipepeo" 😂 Hii naiandika ukutani kwangu.

MzaziMakini kwa kuwa umejitokeza, wewe ni wale mnaokaa nyuma ya kamera mnanong'oneza majibu?

#16 Herufi Kubwa
Asante Mpita Njia kwa kulianzisha, maana hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mtoto akiwa na mzazi pembeni anayenong'ona, hana sababu ya kufikiri. Swali langu linapita kwa mzazi, jibu linarudi kwa mtoto, mimi nazungumza na watu wazima kupitia sauti ndogo. Halafu mzazi akiondoka, mtoto anakwama, anasema hapendi somo.

Nilichofanya mimi ni kuleta mdoli wa mkononi. Anakosea kila kitu. Nashika kijiko mbele ya kamera, mdoli anasema "This is a shoe!" Namtazama mtoto bila kusema neno. Mdoli anavua kofia, anajaribu kuvaa kijiko mguuni, kinaanguka, anajaribu tena: "Shoe! My shoe!" Hapo mtoto hawezi kuvumilia, anapasua: "No! Spoon! It's a spoon!" Mdoli anasogea karibu na kamera, sikio limejaa skrini: "Moon?" "SPOOON!" Ameshasema neno mara tatu, kila mara kwa nguvu na kwa uwazi zaidi, na sijamwambia arudie hata mara moja. Mzazi naye hanong'oni, kwa sababu hakuna swali la kunong'onezea jibu. Kuna mjinga wa kusahihishwa, na kazi hiyo ni ya mtoto.

Kwa nini inafanya kazi? Nadhani kwa sababu kwa mara ya kwanza kwenye chumba hicho kuna mtu anayejua Kiingereza kidogo kuliko yeye.

#17 MzaziMakini
Mpita Njia, ndiyo, nilikuwa nanong'ona, na nitawaambia sababu. Mwalimu anauliza, mtoto ananyamaza, mwalimu anauliza tena papo hapo, uso wa mtoto unabadilika. Mzazi gani ataacha mtoto wake aaibike mbele ya wenzake watano? Mngesubiri kidogo tusingenong'ona.

#18 Kipima Joto
MzaziMakini, hili lina ushahidi wake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi ya shule za msingi na kuchapisha matokeo miaka ya 1970. Walimu walikuwa wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliokuwa wanakaa kimya walianza kujibu, na watoto walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ni kwa lugha wanayoijua! Mtoto wa lugha ya kigeni anahitaji zaidi, na ukijumlisha zile milisekunde za FundiMawimbi, zaidi tena.

#19 Herufi Kubwa
Naunga mkono, ila kimya cha mtandaoni si sawa na kimya cha darasani. Mtoto akiona mwalimu kanyamaza haongei hasogei, anajua mtandao umekwama. Anaita mama. Lazima kusubiri kwako kuonekane: weka mkono sikioni, egemea mbele, tikisa kichwa polepole, tabasamu. Mwili uendelee kuishi huku mdomo umefungwa.

#20 Dada Sauti
Kuna jambo tunalikwepa: lugha ya maelekezo. Wengi wetu tumeambiwa Kiingereza tupu tangu sekunde ya kwanza. Mtoto wa miaka 5 anaambiwa "Draw a line from the animal to its house" na hajui neno hata moja hapo. Hajachoka, wala hajakosa nidhamu. Hajui anachotakiwa kufanya. Mimi naeleza mchezo kwa lugha ya nyumbani kwake, sentensi mbili, halafu tunaucheza wote kwa Kiingereza. Dakika tano za kuigiza maelekezo zinakuwa sekunde kumi.

#21 Babu Chaki
Hapana binti yangu, hapo tunaachana njia. Ukianza kumweleza kwa lugha yake, atakungoja kila siku umweleze. Masikio yanajifunga. Onyesha kwa mikono, cheza wewe mwenyewe raundi ya kwanza, kosea makusudi, cheka. Ataelewa, na kuelewa kwake ndiko somo lenyewe.

#22 Dada Sauti
Babu, kwa mtoto mmoja mmoja nakubali. Kwenye kikundi cha sita, ukimaliza kuigiza, watoto watatu wameshaondoka.

#23 Babu Chaki
Basi punguza kikundi.

#24 Tausi_M
Babu, kikundi hakipunguziki, wanaopanga si sisi. Ila kwa kikundi nina dogo la kuongeza. Msiite majina kwa mpangilio. Mtoto akijua zamu yake imepita na zimebaki nne, ameshaenda zake. Mimi naomba jibu la wote kwa wakati mmoja bila sauti: vidole viwili kama ni picha ya pili, karatasi ya kijani kama ni kweli, nyekundu kama si kweli. Naona nyuso sita na karatasi sita kwa mtazamo mmoja. Halafu namfungulia sauti aliyeinua rangi tofauti na wengine, aniambie kwa nini.

#25 Mgeni Mwema
Habari, mimi mpya hapa. Wa kwangu ana miaka 3. Mnashauri aanze? Nasikia mtoto anaweza kutulia dakika sawa na umri wake mara mbili, kwa hiyo dakika sita?

#26 Kipima Joto
Karibu. Hiyo hesabu ya umri mara mbili usiitegemee. Mtoto huyo huyo anaweza kuzama nusu saa kwenye matofali ya kuchezea na asimalize dakika moja kwenye kadi za herufi. Inategemea kazi yenyewe, saa, na nani yuko naye.

Kuhusu skrini, mwongozo wa WHO wa 2019 unasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Lakini si kila skrini ni sawa. Mwaka 2014 Roseberry na wenzake walifundisha watoto wa miezi 24 hadi 30 vitenzi vipya kwa njia tatu: ana kwa ana, kwa simu ya vidio yenye mtu hai anayewaitikia, na kwa vidio iliyorekodiwa. Njia mbili za kwanza watoto walijifunza. Iliyorekodiwa hawakujifunza. Kilicholeta tofauti ni kuitikiwa: mtoto anafanya jambo, mtu wa upande wa pili anajibu *kwa jambo hilo*, kwa wakati.

Kwa hiyo kama mwalimu utakayempata anasoma slaidi moja baada ya nyingine bila kujali mtoto anafanya nini, mtoto wako yuko mbele ya vidio tu, hata kama ni mubashara.

#27 FundiMawimbi
"Kwa wakati." Ndiyo hiyo niliyosema. Waya.

#28 Mpita Njia
Fundi na waya wake 😂

Lakini swali la kweli: kwa nini tunawasukuma wadogo hivi? Nimewahi kusikia mlango wa lugha haufungi mapema kama tulivyodhani.

#29 Kipima Joto
Mwaka 2018 Hartshorne, Tenenbaum na Pinker walichambua majibu ya watu karibu 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza mtandaoni. Waliona uwezo wa kujifunza sarufi unabaki juu mpaka karibu miaka 17, ingawa anayetaka kufikia kiwango cha mzawa inafaa aanze kabla ya miaka 10 au 12. Kuna waliopinga namna walivyochambua. Kwa vyovyote, hakuna sababu ya mzazi wa mtoto wa miaka 3 kuwa na haraka.

#30 Nyota Tano
Turudi kwenye mada. Niwape mchezo mmoja ambao hauna nyota, Kipima Joto afurahi.

"Find something…" Nasema "Find something soft!" na kuhesabu kutoka kumi kwa sauti. Mtoto anatoka mbio. Unabaki na kiti kitupu na sauti za kabati zikifunguliwa. Anarudi na mto, taulo, mara moja paka mzima akiwa hai, miguu inaning'inia. Ndipo kazi inaanza: "Is it soft? Is it big? Is it your cat? Does he like English?" Anajibu yote, kwa sababu kitu ni chake, si picha yangu.

Muhimu: chagua sifa, usichague jina la kitu. Ukisema "Find a pillow", akileta imekwisha. Ukisema "soft", kila mtoto ana kitu tofauti na anataka cha kwake kionekane. Na hesabu lazima ifike sifuri kweli, vinginevyo kuna ambao hawarudi.

#31 Babu Chaki
Unaona? Mwili!

#32 Tausi_M
Mimi naona ni kuitikiwa, kama utafiti wa hapo juu. Anakimbia kwa sababu anajua akirudi kuna mtu atauliza habari za paka wake.

#33 Herufi Kubwa
Na mimi naona ni kwamba mzazi hawezi kumnong'onezea akiwa kabatini.

#34 Dada Sauti
Kuna jingine. Watoto wanajiangalia wenyewe kwenye skrini, wananuna, wanatoa ulimi. Mimi nawaomba wazazi waifiche picha ya mtoto asijione. Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kujiona muda wote ni moja ya mambo yanayochosha kwenye mikutano ya vidio.

#35 Herufi Kubwa
Bailenson alikuwa anaeleza hali ya watu wazima kazini, Dada. Mtoto wa miaka 6 kujiona kunamfurahisha. Mimi naitumia: "th" siwezi kuifundisha kwa maneno, nasema tazama ulimi wako kwenye picha yako, utoe kidogo katikati ya meno, puliza. Wanajirekebisha wenyewe. Ukificha picha umepoteza kioo.

#36 Dada Sauti
Basi ifichwe wakati wa hadithi, ifunguliwe wakati wa matamshi.

#37 Mgeni Mwema
Asanteni kwa majibu, nimeamua nimsubirishe. Ila nina wengine wawili, wa miaka 9 na 6, wanashiriki kifaa kimoja na somo moja. Mkubwa anajibu kila kitu, mdogo amegoma. Kuna aliyewahi kupata hili?

#38 Herufi Kubwa
Ninao ndugu wawili kama hao. Mkubwa nimempa kazi ya kushika kadi, mdogo haioni. Mdogo anauliza "Is it an animal? Is it big?" na mkubwa anaruhusiwa kusema "yes" au "no" tu, akitamka neno jingine lolote mdogo anapata pointi. Mkubwa anapenda kwa sababu ana siri. Mdogo ndiye anayezungumza muda wote. Mpe mkubwa sekunde chache za kusoma kadi kimyakimya kwanza, na uwe na kadi ambazo mdogo anazijua majina yote. Somo likifika nusu wabadilishane, ila maswali ya mkubwa yawe magumu zaidi: asiulize kuhusu rangi wala ukubwa.